Springi za Gramu Themanini

Bi Mize wa Msuka amezikwa Ijumaa iliyopita. Bi Zuhura, rafiki yake wa utotoni, alimtangulia kwa miaka sita, kwa hiyo lile jambo lililokuwa baina yao halina tena mwenyewe. Hakuna wa kuomba radhi na hakuna wa kuitoa. Habari zilinikuta kazini, hapa Unguja, na wenzangu waliponipa pole wakaniuliza marehemu alikuwa nani kwangu. Nikababaika. Sikuwa na udugu naye. Nilionana naye mara mbili tu maishani, na mara zote mbili alinipigia makelele, si kwa ubaya, bali kwa sababu hakuwa akijisikia mwenyewe. Nikasema, "Ni mtu niliyempelekea barua," na aliyeuliza akacheka akidhani natania. Tangu siku hiyo sijapata usingizi mzuri. Watu wengi wakieleza mwaka wao wa kwanza baada ya chuo husimulia namna walivyopata kazi au walivyoikosa. Mimi mwaka ule niliutumia kuchagua swichi za kibodi. Nikilisema hilo mbele ya watu wa fani yangu hutabasamu, maana wanazijua starehe za namna hiyo, mtu kukaa wiki nzima akilinganisha vitufe kama anayelinganisha manukato. Kwangu haikuwa starehe. Kulikuwa na mtu anangoja, na mimi nilikuwa nahakikisha.

Nilikuwa nimerudi Pemba na shahada ya teknolojia ya habari, nikiandika maombi ya kazi ambayo hayakujibiwa, nikapewa chumba nyumbani kwa Bi Zuhura, Wete. Sharti lilikuwa moja, nikae naye. Binti yake, Asha, alikuwa akipika mikate ya kumimina ya kuuza, na tangu asubuhi mpaka magharibi uwani hapakupungua wanawake, wengine wamekuja kununua, wengine wamekuja kuzungumza na kununua ni kisingizio. Chumba cha Bi Zuhura kilikuwa upande wa mbele, kina kitanda kirefu cha mbao, kabati lenye kioo kilichoingia madoa, na meza iliyotandikwa kitambaa cha kufumwa, ambayo juu yake hapakuwekwa kitu chochote. Ile meza aliiweka tupu kwa makusudi. Alikuwa mpiga chapa wa serikali kwa miaka mingi, na mpaka nilipomkuta, mikono ikiwa imeshaanza kumkimbia, alikuwa bado akikaa mbele ya meza ile mgongo umenyooka, viwiko vimebana mbavu, kama mtu anayesubiri afisa amletee rasimu. Asha alinieleza kwamba herufi moja ikikosewa, mama yake alikuwa akichana ukurasa mzima na kuanza upya. "Ofisi nzima ikimwogopa," alisema. "Sasa hata kikombe hakimwogopi." Bi Zuhura alikuwa amepatwa na ule ugonjwa wa kutetemeka. Mikono ilikuwa ikicheza hata alipoilaza mapajani, na sauti ilikuwa imeshuka mpaka imekuwa mnong'ono. Chai alikuwa akinywa nusu kikombe, kwa sababu kikombe kizima kingemwagika, na alikuwa akiniambia nisimtazame anapokunywa.

Bi Mize alikuja siku ya tatu au ya nne tangu nihamie, na kikapu cha shokishoki. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, kiziwi kabisa wa sikio moja na wa la pili karibu hivyo. Walisoma pamoja utotoni, wakaolewa miaka ya karibu karibu, na tangu hapo walikuwa wakitembeleana mara mbili tatu kwa mwaka. Walikaa kitandani bega kwa bega. Mimi nilikuwa sakafuni namenya shokishoki. Bi Zuhura akamsogezea mdomo sikioni, akasema jambo. Bi Mize akakunja uso. Akasema tena. "Siambulii kitu, Zuhura," alisema Bi Mize kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde. "Toa sauti." Bi Zuhura alivuta pumzi, mishipa ya shingo ikamsimama, na mnong'ono ukatoka uleule. "Asha," Bi Mize aliita, "njoo umsemee mamako, mie hapa najitia kusikia tu." Asha alikuja na unga mikononi, na nyuma yake wanawake wawili wakasimama mlangoni. "Haya mama, nambie mimi, niadhini." Bi Zuhura aliwatazama wote, akanitazama na mimi, akafumba mdomo. Kisha akanong'ona. Asha akapaza sauti: "Anauliza habari za minazi yako." Bi Mize akastaajabu. "Minazi? Kanivuta shingo mpaka inaniuma kwa minazi?" Watu wakacheka, Bi Mize zaidi ya wote, akaeleza habari za minazi kwa kirefu, mmoja mmoja, na Bi Zuhura akawa anaitikia kwa kichwa. Nikiyakumbuka yale leo nauona uso wake ulivyokuwa. Hakuwa amekasirika. Alikuwa kama mtu aliyefika bandarini na mzigo kichwani akakuta chombo kimeshaondoka.

Mgeni alipoondoka, Bi Zuhura aliniambia nifunge mlango. Nilisogea karibu mpaka nikasikia harufu ya karafuu iliyokuwa mdomoni mwake. Alikuwa akiitafuna kwa ajili ya jino. "Rahma, n'na haki ya mtu," alisema. Alikuwa amemdhulumu Bi Mize jambo, walipokuwa wasichana, na Bi Mize hakujua mpaka leo. "Ya Mungu, Mungu husamehe. Ya mja humngoja mja." Alitaka kumwomba radhi kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, na alitaka Bi Mize asamehe hali anajua anachokisamehe. Lakini hakuweza kumwambia kwa mdomo bila Wete nzima kusikia. Kwa kalamu hakuweza tena; nilikuwa nimeona alipojaribu kutia saini ya dawa hospitali, mstari ukatoka kama njia ya sisimizi. Nikasema, na nilidhani nimepata jawabu rahisi, "Basi nambie mimi, bibi, nikuandikie." "Nikikwambia wewe, nitakuwa nimemvunjia heshima mara ya pili. Jambo lenyewe na yeye yumo." Akainyanyua mikono yote miwili, ikicheza hewani mbele yetu, akaitazama kama ni ya mtu mwengine. "Hii ndiyo iandike. Hivyo vyombo ulivyosomea havina dawa ya mkono?"

Naona ajabu namna swali lile lilivyonipandisha kichwa. Kwa miezi mingi hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza kitu nilichosomea. Nikampa kompyuta yangu ya mkononi siku ileile, na vitufe vyake vilikuwa vyepesi mno kwake. Kila kidole kilipogusa kilitetemeka juu ya kitufe, na jina la Mize likajaza mistari miwili, herufi zikijirudia na kujirudia. Simu ilikuwa mbaya zaidi. Kuna mpangilio ndani ya kompyuta unaoiambia ipuuze miguso ya haraka haraka, nikauwasha, na kweli herufi zikaacha kujirudia, lakini zikawa zinachelewa kutokea, na mtu aliyewahi kupiga chapa kwa kasi asingeweza kuvumilia kusubiri herufi. Alikuwa akibonyeza tena kabla ya ile ya kwanza kufika, kisha akiondoa mikono na kuilaza mapajani kwa hasira. Nilitafuta taipureta. Nilipata moja kwa fundi, Chake Chake, utepe umekauka na herufi tatu zimekatika. Ndipo nikakumbuka mwenzangu mmoja wa bweni aliyekuwa na kibodi ambayo chini ya kila kitufe kuna swichi yake na springi yake, nawe unaweza kuzing'oa na kutia nyengine uzitakazo. Springi ikiwa nzito, kidole kinachotetemeka kitapumzika juu yake bila kuandika kitu, mpaka mwenyewe aamue kubonyeza. Nilimweleza Bi Zuhura hivyo, naye akatikisa kichwa kukubali. "Kama mashine zetu," alisema. "Zilikuwa hazikuandikii usipotaka."

Kama ningeagiza siku ile, barua ingefika Msuka kabla ya mwezi kuandama. Ilikuwa Rajabu inaanza. Lakini mimi nilisoma. Nilijifunza kwamba kuna swichi zinazotoa mlio, hizo nikazikataa mara moja, kwa kuwa Asha angesikia mama yake anaandika na angeuliza anaandika nini. Kuna zenye kijikwazo katikati ambacho kidole hukihisi kabla herufi haijaandikwa, na hizo zilinichukua siku nyingi, maana baadhi ya watu walisema humsaidia mtu kujua amefika, na baadhi wakasema kidole dhaifu hukwama pale kwenye kijikwazo kisha hudondoka kwa kishindo na kuandika mara mbili. Na kuna zinazoshuka moja kwa moja, laini, tangu juu mpaka chini bila kikwazo wala mlio. Nikazichagua hizo, nikazikataa, nikazichagua tena. Halafu ikaja habari ya uzito. Gramu sitini na saba, sabini, themanini, mia. Nilichora jedwali. Nilikuwa nikiamka naliongezea safu. Asha alilikuta juu ya kitanda changu, akalisoma akiwa amesimama, akaniuliza, "Huku ni kuchagua vitufe au kuchagua mume?" Nikamwambia ni mambo ya kazi. "Mume ungeshapata," alisema. "Hata wawili ungeshapata, ukaacha mmoja." Na Bi Zuhura kila siku, baada ya kunywa nusu kikombe chake, aliniuliza neno moja, "Umeagiza?" Nami nikimjibu, "Bado, bibi, nahakikisha." Hakuwahi kunikemea. Nadhani alidhani kuhakikisha ndiyo kazi yenyewe, kama yeye alivyokuwa akichana kurasa.

Jambo la mizani lilikuwa wazo langu na nililionea fahari. Niliona haifai kukisia uzito wa mtetemeko, lazima upimwe. Mizani ya dukani haina maana kwa kitu chepesi kama kidole, kwa hiyo asubuhi moja, saa moja baada ya kidonge na chai, nikamchukua Bi Zuhura taratibu mpaka kwa Mzee Nassor, sonara, ambaye mizani yake ilikuwa ndani ya kisanduku cha kioo. "Pete iko wapi?" aliuliza akitafuta miwani. Nikamwambia hatukuleta pete, tumeleta kidole. Akavaa miwani, akanitazama, akaivua. "Kidole hupimwa kwa pete, mwanangu, si kwa mizani." Lakini alifungua kioo. Bi Zuhura akalaza kidole cha shahada juu ya sahani, kwa upole, asibonyeze, na namba zikaanza kukimbia. Mzee Nassor akawa anazisoma kwa sauti kama anayenadi. "Arubaini. Khamsini na tano. Thalathini na nane. Sitini na mbili. Subhanallah, kinacheza hiki." Nilikuwa nikiandika. "Bi Zuhura," alisema, "kidole hiki kingekuwa dhahabu, ungeolewa kesho." Bi Zuhura alinong'ona kitu, sonara akategea sikio, hakupata. "Anasema nini?" Nikamwambia, "Anasema kingekuwa dhahabu, asingekileta kwako." Mzee Nassor alicheka mpaka akashika meza, na mizani ikatikisika, na ikabidi tuanze kupima upya. Vidole vyote kumi. Hakuna kilichopita sitini na mbili. Njiani kurudi alikuwa amenishika mkono, na nilihisi mtetemeko wake ukiingia mkononi mwangu, nami nafikiria: sitini na saba iko karibu mno, sabini inatosha, lakini akichoka, lakini ugonjwa ukizidi, themanini ni salama. Nikaagiza themanini katikati ya Shaabani. Kifurushi kikakaa Dar es Salaam siku ambazo hakuna aliyeweza kuniambia ni ngapi, kikafika Pemba siku ya tano ya Ramadhani.

Daktari alikuwa amemwambia asifunge. Asha alimwambia, mimi nilimwambia, na Mungu mwenyewe amempa mgonjwa ruhusa. Bi Zuhura alitusikiliza sote. "N'na haki ya mja shingoni," alisema, "niongeze na ya Mungu?" Akafunga, na vidonge vyake vya mchana akavihamishia daku na futari. Baada ya futari, kidonge kikiwa kimeshashika, mikono ilikuwa na nafuu, lakini saa hizo nyumba ilikuwa imejaa: uji wa pilipili manga ukigawiwa mabakuli, magimbi na pweza wa nazi, wajukuu, jirani wanaosubiriana kwenda tarawehe, watu wameketi mpaka juu ya kitanda chake. Wakati pekee alioweza kukaa peke yake ulikuwa baina ya adhuhuri na alasiri, Asha na wenzake wakiwa uwani na moshi wa kuni. Nilimpa kiti, nikaiweka kibodi juu ya ile meza tupu, nikaiunganisha na kompyuta yangu, nikamwonyesha kidole gumba kikae wapi. Alivilaza vidole vyote juu ya vitufe. Vilitetemeka, na kwenye kioo cha kompyuta hapakutokea herufi hata moja. Tulitazamana. Sijapata kumwona mtu amefurahi vile bila kutabasamu. Kisha akabonyeza herufi ya kwanza, na kitufe kikashuka nusu, kikasimama, kikarudi juu. Akabonyeza tena. Kikarudi juu. Mara ya tatu akakiinamia kwa bega, na herufi ikatokea.

Nilikuwa nimepima mtetemeko. Nguvu sikuipima. Na ule mtetemeko wenyewe niliupima asubuhi, mwezi wa watu kula mchana, dawa ikiwa mwilini. Haikunijia hata mara moja, katika safu zote za lile jedwali, kwamba kibodi itatumika mwezi wa Ramadhani, saa nane mchana, na mtu ambaye kidonge chake cha mwisho alikimeza kabla ya alfajiri. Mimi mwenyewe nilikuwa nafunga. Mikono yangu ilikuwa mizito saa zile, na sina maradhi. Nilimwambia nitaagiza springi nyengine, nyepesi kidogo, na zitachukua wiki tatu au zaidi. "Kwani n'na wiki tatu?" aliuliza, kwa kweli, kama mtu anayetaka kujua. Akaniashiria nitoke na nifunge mlango. Kwa siku tisa nilikaa barazani nje ya dirisha lake lililofungwa, nikijifanya nasoma. Swichi zile hazina mlio, lakini kitufe kikifika chini husikika kikigota, kidogo tu, kama tone la maji kwenye ndoo. Nilikuwa nikisikia kugota kumoja, kisha kimya, kisha pumzi, kisha kugota. Vile ambavyo havikufika chini sikuvisikia, na ndivyo nilivyokuwa nikivihesabu kichwani. Asha alipita mara moja na sinia, akaniuliza, "Mama anafanya nini humo?" Nikamwambia anasoma. "Mbona kuhema hivyo? Anasoma au anachimba?" Nilikuwa nimefunga, na nilimdanganya.

Siku ya kumi aliniita. Nilikuwa nimemfundisha kuchapisha mwenyewe kwenye mashine ndogo niliyoazima, na kufunga faili bila kuhifadhi kitu, na karatasi ilikuwa tayari ndani ya bahasha. "Zimekosekana kidogo," alisema. Yeye, aliyekuwa akichana ukurasa kwa herufi moja. Nikamwuliza kama anataka kujaribu tena. Alikuwa amechoka mpaka macho yamezama. "Mize ataelewa. Skuli nilikuwa nikimwandikia neno moja, akijua kurasa mbili." Nikaichukua bahasha kama inavyochukuliwa yai.

Msuka nilimkuta Bi Mize chini ya paa la jikoni, ameketi na mkeka anaosuka, wake za wanawe wawili wanakuna nazi. Alinipokea kwa kelele za furaha, akafungua bahasha hapo hapo, akavaa miwani. Alisoma. Akarudi juu, akasoma tena, midomo ikichezacheza. Akaigeuza karatasi kutazama nyuma, akaigeuza tena. "Rahma," alisema, na wale wanawake wakaacha kukuna, "hii nini?" Nikamwinamia sikioni nikamwambia ni barua ya Bi Zuhura. "Hilo nimeliona. Nauliza hii nini. Pana jina langu bila vichwa wala miguu, kisha sijui." Akaninyooshea karatasi. "Hebu wewe msomi nisomee." Mikono yangu niliiweka nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyekatazwa kugusa kitu, na macho nikayapeleka kwenye ukili wa mkeka wake. Nilijua kwamba kwa nusu saa ningeweza kuzijaza zile herufi zote. Ndiyo kazi niliyosomea hasa, kutafuta kilichokosekana. Nikachukua bahasha, nikaandika juu yake kwamba sina ruhusa kuisoma. Alisoma maneno yangu akacheka, kisha kicheko kikakatika katikati. "Ni jambo la kutaka radhi?" aliuliza, kwa sauti ile ile ya kufika barabarani. Sikujibu. Sikutikisa hata kichwa, na nadhani kule kusimama kama mti ndiko kulikomjibu. Akaikunja karatasi, akaifunga pembeni mwa kanga yake, fundo. "Mwambie nimemuwia radhi. Nilijualo na nisilolijua, la ujana na la uzee. Na yeye aniwie." Akaurudia mkeka wake. Nilibaki nimesimama, nikijua kwamba nimepewa kitu kikubwa na kwamba si kile nilichotumwa.

Njiani nilitunga majibu. Nilitunga manne, nikayapanga kwa uzuri. Bi Zuhura alikuwa amekaa kitandani ananisubiri, hata buibui sijavua. "Kasoma?" Nikasema kasoma, na hilo ni kweli. "Akasemaje?" Nikasema, "Amesema amekuwia radhi kwa yote, alijualo na asilolijua." Uwani Asha alikuwa akimwambia mtu apunguze moto. "Asilolijua," alirudia Bi Zuhura. Akalitamka taratibu, kama anayekagua neno kabla ya kulipeleka kwa afisa. "Basi hakuelewa." Majibu yangu manne yote yalikuwa yamekwisha.

Baada ya Idi alinituma kwa Shehe wa mtaani, nimuulize kama swali langu, bila kutaja mtu. Nilimuuliza, mtu akisamehewa kosa ambalo aliyekosewa halijui, je, limesamehewa. Shehe alifikiri, akasema wanazuoni wana kauli mbili. Baadhi wanasema inatosha, na hasa ikiwa kulitaja kutazidisha maumivu. Baadhi wanasema haki isiyojulikana haiwezi kusamehewa. Nikamuuliza yeye yuko upande gani. Akasema inategemea jambo lenyewe. Nikarudi na kauli mbili, nikampa Bi Zuhura zote mbili, na tangu siku hiyo nikamwona akifanya kitu nilichokifahamu vizuri kuliko mtu yeyote duniani: alikuwa akianza kusema jambo, anaacha, anaanza upande wa pili. Asubuhi hakuniuliza tena kama nimeagiza. Aliniuliza, "Na kama hajui?" na kabla sijajibu, "Na kama anajua?" Dawa zilikuwa zimerudi kwenye saa zake. Nguvu zilimrudia, na mtetemeko ukarudi vilevile kama tulivyoupima kwa sonara, na zile springi za gramu themanini, zikiwa bado ziko kwenye kibodi kwa sababu nilikuwa sijaamua nyepesi zipi niagize, zikawa ndizo hasa zinazomfaa.

Tuliligundua alasiri moja ya Mfunguo Mosi, ule mwezi wa baada ya Ramadhani. Alijiweka mezani mwenyewe na mimi nikatoka nikakaa barazani. Safari hii kugota kulikuja mfululizo, si kwa kasi, lakini kwa mwendo, mwendo wa mtu aliyewahi kulijua jambo. Nilishusha kitabu. Kisha pakawa kimya, na akagonga meza kuniita. Hakuwa amewahi kuniita mbele ya maandishi yake. "Tazama," alisema. Kwenye kioo palikuwa na mstari mmoja: Mize ndugu yangu, nina neno la tangu zamani. "Hakuna iliyokosekana," nilisema. "Wala iliyojirudia," alisema. "Umepatia, mwanangu." Vidole vyake vilikuwa bado juu ya vitufe, vinacheza, na mstari ulikuwa umetulia. Akautazama kwa muda mrefu. "Kama kesha nisamehe, nimwambie ili iweje? Nimtie kidonda mtu aliyenipa radhi? Na kama bado..." Akanigeukia. "Wewe wasemaje?"

Nilijibu kama ninavyojibu kila kitu. Nilisema akimwandikia atakuwa na uhakika, lakini Bi Mize atabaki na maumivu. Asipomwandikia Bi Mize atabaki na amani, lakini yeye hatokuwa na uhakika. Na kwamba pengine, kwa upande mwengine, ndugu wa kweli angependa kujua. Nilizieleza pande zote mbili vizuri, kwa haki, nikarudi ya kwanza nikaongezea. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. "Futa basi," alisema. Nikamwambia tuuhifadhi mstari, aamue kesho. "Futa." Nikainama begani kwake, nikaweka kidole kwenye kitufe cha kufutia. Mara ya kwanza sikubonyeza vya kutosha, kikarudi juu bila kufuta kitu. Nikabonyeza tena, mpaka chini, herufi moja moja kutoka mwisho kwenda mwanzo, naye akitazama, mpaka likabaki jina la Mize peke yake. Nikasita, nikimngoja aseme neno. Hakusema. Nikamaliza.